Jai Santoshi Maa: kwa nini uchachu ni mwiko?

Ndugu, umeuliza kwa nini uchachu kidogo tu unaleta balaa kubwa vile kwenye hii filamu ya Kihindi ya 1975, Jai Santoshi Maa, inayomhusu mungu wa kike Santoshi. Ni sharti la nadhiri anayowekewa Santoshi: Ijumaa 16 za kufunga, sadaka ya sukari guru na dengu za kukaanga, na siku hiyo ndimu, ukwaju wala mtindi haviguswi. Ndiyo maana wake wa mashemeji zake Satyavati, mhusika mkuu aliyeweka nadhiri hiyo, wanatia uchachu kwa siri kwenye chakula cha kuhitimisha nadhiri.

Angalia pia gharama: sadaka ya senti chache, ambayo hata mke kijana anayenyanyaswa ukweni anaimudu. Na kule mbinguni, wake wa miungu wakubwa wanamwonea Santoshi wivu uleule wa jikoni!