Arifa ya simu inapita kwa nani kabla ya kukufikia?

Swali: Habari fundi. Kaka yangu kaniambia serikali zinaweza kujua arifa zinazoingia kwenye simu ya mtu. Nimeshazizima zisionekane kwenye kioo simu ikiwa imefungwa. Nimemaliza? Natumia Android. (Msomaji, Tabata)

Jibu: Salama, dada. Hujamaliza, ila hujafanya kazi bure. Umezuia macho ya abiria wa pembeni kwenye mwendokasi, na kwa wengi wetu hao ndio wapelelezi wa kila siku. Anachosema kaka yako kinatokea njiani, arifa ikiwa bado haijafika mkononi mwako.

Programu haikupigii hodi yenyewe. Mwenye programu anaikabidhi arifa kwa Google, au kwa Apple kwa wenye iPhone, na hao ndio wanaoileta. Ili wajue pa kuipeleka, programu hupewa tokeni ya simu yako, yaani namba maalumu inayofanya kazi kama anwani, na tokeni hiyo inaweza kuunganishwa na akaunti yako. Kwa hiyo hata maneno yakiwa yamefungwa kwa msimbo wa siri, tarishi huyo anajua ni programu gani imekutafuta na saa ngapi. Desemba 2023 seneta wa Marekani, Ron Wyden, aliiandikia Wizara ya Sheria ya nchi yake kwamba serikali za nje zinazidai kampuni hizo mbili kumbukumbu za namna hiyo. Apple ikakiri kwamba serikali ya Marekani ilikuwa imeizuia kulitaja jambo hilo. Mwezi huohuo ikaweka sharti: bila amri ya jaji, haitoi.

Maneno yenyewe yanategemea aliyeitengeneza programu. Signal, programu ya kutumiana ujumbe, hutuma kengele tupu. Simu ikiamka, programu inaufuata ujumbe na kuufungua humohumo ndani. Lakini programu ya mkopo inayoandika jina lako na deni lako kwenye arifa bila kuyafunga, hiyo ni kadi ya posta. Kila aliyeishika njiani anaweza kuisoma.

Meseji za kawaida, zikiwemo za benki, ni habari nyingine. Hizo zinapita kwa kampuni ya laini yako, laini uliyoisajili kwa alama za vidole, na mipangilio ya arifa haizigusi.

Sasa fanya hivi: fungua programu moja moja, uzime arifa kwenye mipangilio ya ndani ya programu. Ukizima kwenye simu peke yake, kengele hailii lakini mzigo unaweza kuendelea kutumwa. Ile ya mkopo, kama umeshalipa, ifute kabisa. Ya Signal iache ilie.