Hakuna picha ya habari hata moja humo

Ndugu uliyeuliza kama zile purukushani za mitaani kwenye filamu ya The Battle of Algiers, inayohusu Waalgeria wakipigania uhuru kutoka kwa Wafaransa, ni picha halisi za vita: hapana, zote zimeigizwa. Filamu yenyewe ilipotolewa Marekani ilitangaza wazi kwamba haina kipande chochote cha picha za habari, maana watazamaji walikuwa hawaamini.

Gillo Pontecorvo, Mwitaliano, aliitoa mwaka 1966, miaka minne tu baada ya Algeria kupata uhuru. Alipigia picha palepale Algiers, kwenye vichochoro vya Casbah, mtaa wa kale wa mji huo, ambako mapambano yenyewe yalitokea. Waigizaji karibu wote ni watu wa kawaida. Aliyezoea kazi hiyo ni Jean Martin, anayeigiza yule kanali wa Kifaransa. Na Saadi Yacef, kiongozi wa FLN (chama cha Waalgeria kilichopigania uhuru) aliyepigana kweli mjini humo, anaigiza mhusika aliyetokana na maisha yake mwenyewe! Ongeza kamera ya kubeba mkononi na picha za nyeusi na nyeupe zenye chengachenga, unapata sura ya habari za enzi hizo.

Ninachoiheshimia zaidi ni kwamba haifichi damu ya upande wowote. Bomu linapolipuka mkahawani, tumeshaziona nyuso za waliokuwa wakinywa na kucheka humo, kijana na mtoto pia. Ilishinda Simba wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la filamu kule Venice, lakini Ufaransa ilichukua miaka kadhaa kuiruhusu ioneshwe.

Itazame usiku mmoja bila kukatiza.