Sindano kwanza, kompyuta baadaye: maswali yenu kuhusu santuri

Shikamoo. Marehemu baba ameniachia santuri ndogo za miaka ya sabini, nyingi za Morogoro Jazz. Nina kompyuta mpakato. Ninunue nini ili nizihamishie humo? (Msomaji, Nkuhungu)

Marahaba, na pole sana. Kompyuta uliyonayo inatosha. Fedha yako iende kwenye sindano na mashine inayoishika. Vile visanduku vya kubeba vyenye spika ndani vinavutia kwa bei, lakini vingi vina kichwa (kile kipande kinachoshika sindano) cha kauri kinachokandamiza santuri kwa gramu tano hivi, wakati kichwa kizuri cha sumaku kinahitaji gramu mbili tu. Santuri iliyopigwa kwenye sherehe miaka yote hiyo haistahili kukwanguliwa tena. Ukiweza, Audio-Technica AT-LP120XUSB ina kasi zote tatu, mizunguko 33, 45 na 78 kwa dakika, ina priampu (kikuza sauti cha awali) ndani, na inaunganishwa na kompyuta kwa waya wa USB.

Ukipata mashine ya zamani isiyo na priampu, usiichomeke kwenye tundu la maiki. Sauti inayotoka kwenye kichwa cha sumaku ni milivolti chache, tena besi yake ilipunguzwa na trebo ikaongezwa santuri ilipotengenezwa, kwa kanuni ya RIAA, chama cha kampuni za kurekodi muziki za Marekani, inayotumika tangu miaka ya 1950. Priampu ya santuri ndiyo inayorudisha uwiano. Behringer UFO202 ni kadi ndogo ya USB yenye priampu hiyo. Programu ya kurekodi ya Audacity ni ya bure. Ubora wa biti 16 unatosha. Cha muhimu ni vilele vya sauti visipite -6 dB kwenye kipimo cha programu, maana sauti ikishapasuka hairudi. Na kwa kuwa santuri nyingi za aina hiyo ni mono (sauti ileile kushoto na kulia), rekodi chaneli zote mbili kisha zichanganye ziwe moja. Sehemu ya mikwaruzo itapungua yenyewe.

Kaka amenitumia mashine kutoka Marekani. Natumia transfoma, lakini waimbaji wanaburuta na sauti zao ni nzito mno. Sindano imekufa? (Kondoa)

Sindano haina kosa. Transfoma imeshusha volti 230 kuwa 110, lakini haikugusa mapigo ya umeme: yetu ni hezi 50, ya Marekani 60. Mota za mashine nyingi za zamani hufuata mapigo hayo, kwa hiyo santuri ya 45 inazunguka mara 37 na nusu kwa dakika. Mwulize fundi kama modeli hiyo ina puli (gurudumu dogo la mota) ya hezi 50. Ukiikosa, rekodi hivyohivyo, kisha ongeza kasi kwa asilimia 20 kwenye Audacity. Mimi naiona kuwa njia ya dharura tu, kwa sababu priampu inapanga besi na trebo ikitarajia kasi sahihi.

Kuna mngurumo hata kabla santuri haijaanza. (Area C)

Tafuta waya mwembamba wa ethi nyuma ya mashine, ufunge kwenye skrubu ya priampu au amplifaya. Ukiendelea, chomoa chaja na urekodi kwa betri.

Vumbi la huku limejaa kwenye mifereji. Nimeambiwa nipanguse kwa spiriti. (Mpwapwa)

Kama kuna za 78, weka spiriti mbali kabisa! Nyingi ni za sheleki, utomvu mgumu wa asili, na spiriti huiyeyusha. Tumia maji yaliyochujwa kwa mvuke, tone la sabuni ya vyombo na kitambaa laini, ukifuata mzunguko wa mifereji bila kulowesha lebo. Maji ya kisima yenye chumvi yasitumike kusuuzia, yakikauka yanaacha chembe. Kiangazi funga madirisha unaporekodi. Za 78 zinahitaji pia sindano yake nene; ile ya kawaida inazama hadi chini ya mfereji na kuokota uchafu.

Nihifadhi kwa MP3 ili niokoe nafasi? (Mwanafunzi, UDOM)

MP3 ni ya kurushiana kwenye simu. Nakala mama iwe WAV, faili lisilobanwa la takriban megabaiti 10 kwa dakika, au FLAC iliyo ndogo zaidi bila kupoteza sauti, na uiweke kabla hujaanza kufuta mikwaruzo. Nakala ya pili ikae kwenye diski nyingine, nyumba nyingine. Piga picha lebo za pande zote mbili pia, zisomeke vizuri: jina la mtunzi na namba ya santuri mara nyingi huwezi kuvipata kwingine.