Soketi za zamani zisizo na ethi

Dada, friji kukupiga shoti kwenye hiyo nyumba ya zamani ya Area C si ajabu kama soketi zake zina waya mbili tu. Ukibadilisha soketi peke yake hujapata ethi (waya wa kupeleka ardhini umeme unaovuja); tundu la tatu litakuwa pambo. Na fundi akikwambia "tunaunga ethi na nyutro humo humo ndani ya soketi" (nyutro ni waya wa kurudisha umeme), mlipe nauli aende zake. Siku nyutro ikikatika, volti 230 zinahamia kwenye bati la friji, na watoto ndio wanaolishika kila saa.

Kinachotakiwa ni waya wa kijani na njano kutoka kila soketi hadi kwenye swichi kuu, kisha hadi ethi rodi, yaani fimbo ya metali iliyochimbiwa nje. Udongo wetu wa Dodoma ni mkavu miezi mingi, rodi moja fupi inaweza isitoshe. Fundi apime ethi kiangazi, asikisie. (Awe na leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji.)

Hela ikiwa haba, anza na RCD (swichi ya usalama) ya miliampea 30. Haileti ethi, ila inakata umeme haraka ukianza kupita mwilini kwenda ardhini.