Re: Rimu mpya za Mazda MX-5 na nati za kufuli

Mkuu, umeuliza kama nati za kufuli (zile za kuzuia wizi wa rimu, zinazofunguliwa kwa ufunguo wake maalum) ulizotoa kwenye rimu za zamani zitafaa kwenye hizi mpya, na kwa nini usukani unatetemeka ukifika kilomita 100 kwa saa.

Nati kwanza. MX-5 yako ya 2016 inatumia M12 x 1.5 (kipenyo milimita 12, nyuzi kila milimita 1.5), lakini kipimo cha nyuzi peke yake hakitoshi. Angalia pale nati inapokalia rimu: nati yenye kikalio cha koni ya digrii 60 haikai sawasawa kwenye tundu lenye kikalio cha mviringo kama mpira. Ukiona alama ya kung'aa upande mmoja tu wa tundu, basi haikai vizuri, usiiendeshe hivyo.

Mtetemo nahisi ni tundu la katikati. Habu yako (kitovu kinachoingia katikati ya rimu) ni milimita 54.1, na rimu nyingi za dukani zina tundu kubwa zaidi, kwa hiyo zinahitaji pete ya kujazia nafasi hiyo. Kabla ya kuvalisha, sugua kutu kwenye habu kwa brashi ya waya.

Anza nati zote kwa vidole, kisha kaza kwa mtindo wa nyota, yaani ukiruka kwenda upande wa pili, sio kwa kufuatana. Umalizie gari likiwa chini, kwa spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza). Kitabu cha gari kinasema 108 hadi 147 Nm. Kagua tena baada ya kilomita 50 hivi.

Mashine ya upepo ya kufungulia nati isiguse nati ya kufuli kabisa! Mimi niliwahi kumwachia fundi, meno ya ufunguo yakaliwa yote, tukaishia kuikata kwa patasi. Ufunguo wenyewe ukae garini, sio nyumbani.