Barua kwa mwanangu: nani amezihesabu wakia za Singida?

Ipagala, Dodoma

Mwanangu,

Marahaba. Picha nne za ile karatasi ulizonitumia kwenye WhatsApp nimezisoma mara tatu, mara ya tatu kwa miwani ya baba yako kwa sababu yangu imevunjika mkono. Umeniuliza mambo mawili. Nani amezihesabu hizo wakia 283,000 (wakia moja ni kama gramu 31) za mgodi wa wazi wa dhahabu na shaba huko Singida? Na mbona ukurasa wa kwanza wameandika "rasilimali", wa tatu wakaandika "akiba", na tarakimu ni ileile? Ukaongeza kwamba wenzako wa ofisini, wenye mgodi huo na karatasi hiyo, wanakusubiri utoe mchango wako wa milioni tatu kabla mwezi haujaisha.

Ningeweza kukupigia simu, ila hilo swali lako la pili linataka mtu akae chini. Nianze na la kwanza.

Hakuna aliyezihesabu. Dhahabu iliyo ardhini inakadiriwa tu. Unakumbuka Kibaigwa, tulivyokuwa tukishuka kununua mahindi tukitoka kwa bibi yako? Mnunuzi hafungui gunia. Anachukua bambo, analichoma gunia ubavuni, punje zinamtiririkia kiganjani, anatafuna moja asikie ukavu wake, kisha anataja bei ya mzigo mzima. Kuchoronga mwamba ni kuchoma bambo. Tofauti ni kwamba mahindi ya gunia moja yanafanana, na mwamba haukujazwa na mtu. Halafu muuzaji mjanja anajua bambo linafika wapi. Mahindi mabovu anayaweka mahali pengine.

Karatasi yako inasema mashimo 6, kila moja mita 80. Jumla mita 480. Mashine ya kuchoronga kwa upepo inatoa vumbi na vipande vya mawe, na kila mita moja inajaza mfuko wa kama kilo 30. Mfuko huo unagawanywa hadi zibaki kilo mbili tatu, zinakaushwa, zinasagwa zilainike kama poda, na katika poda hiyo ni gramu 50 tu zinazoingia kwenye tanuru. Zidisha: 480 mara 50 ni kilo 24. Debe la mahindi na ziada kidogo. Kwa debe hilo wameandika tani milioni 4 za mwamba wenye dhahabu.

Usidhani nawacheka kwa sababu ya udogo wa debe. Hata migodi mikubwa inakadiria kwa sampuli ambazo ukizilinganisha na mlima wenyewe utaogopa. Ila wao wana mamia na maelfu ya mashimo, yamepangwa kwa mistari, na kabla ya kukadiria wanajiuliza: shimo hili linaweza kumsemea jirani yake hadi umbali gani? Mita 20? Mita 60? Mhandisi mmoja wa Afrika Kusini, Danie Krige, alihangaika na swali hilo kwenye migodi ya dhahabu ya Witwatersrand, na Mfaransa Georges Matheron akalijengea hesabu zake na kuipa njia hiyo jina la Krige. Hadi leo wajiolojia wanasema "tumekriji". Ukiwa na mashimo 6 hujui hata kama dhahabu ya shimo la pili na ya shimo la tatu ni mshipa mmoja au ni wageni waliokutana njiani.

Baada ya hapo wanaligawa eneo kwa vitofali kwenye kompyuta. Chukua kitofali kimoja chenye urefu mita 10, upana mita 10, kimo mita 5. Ni mita za ujazo 500. Mwamba mgumu una uzito wa kama tani 2.7 kwa kila mita ya ujazo, kwa hiyo kitofali kina tani 1,350. Kikiwa na gramu 1.5 kwa tani, ndani yake mna gramu 2,025, kama wakia 65. Sasa kumbuka udongo wetu wa juu. Mwamba wa karibu na uso wa ardhi umeoza kwa mvua na jua, ni mwepesi, unaweza kuwa tani 1.9 tu. Kitofali kilekile kinashuka hadi tani 950 na gramu 1,425. Gramu 600 zimepotea na hakuna aliyeziiba. Kuna mtu tu hakupima uzito wa jiwe. Nimetafuta kwenye karatasi yako uzito wa mwamba walioutumia. Haupo.

Sasa nikupeleke maabara nilikofanya kazi, maana ulipokuwa mdogo ulikuwa ukinishangaa narudi nyumbani na unga wa ngano kwenye mikono ya koti. Ni unga uleule wa chapati. Sampuli tunaichanganya na oksidi ya risasi, magadi, boraksi na kijiko cha unga, tunaitia tanuruni kwenye joto la nyuzi zaidi ya 1,000. Unga unaungua, unaifanya ile oksidi igeuke kuwa risasi, na matone ya risasi yanashuka katikati ya ujiuji wa moto yakiokota dhahabu njiani. Chini tunapata kitufe kizito cha risasi. Kitufe kinarudishwa tanuruni kwenye kikombe kinachonyonya risasi, na asubuhi kikombeni kimebaki kichembe kidogo kuliko punje ya ulezi. Kichembe hicho ndicho kinachogeuka kuwa "gramu 2.2 kwa tani" kwenye karatasi za watu wenye tai.

Na kichembe kinadanganya. Siku moja nilisaga sampuli yenye dhahabu nyingi, na kwa haraka ya kuwahi gari la jioni sikupitisha mchanga wa kusafishia bakuli. Sampuli iliyofuata ilikuwa blanki, yaani jiwe lisilo na kitu ambalo mjiolojia analipa namba kama sampuli nyingine ili atupime sisi wa maabara. Ikarudi na gramu 0.6. Jiwe tupu limezaa dhahabu! Mkuu wangu hakupaza sauti. Aliniwekea majibu mezani akasema, "Mama, kundi zima." Tulirudia sampuli 40 na gari sikuliona. Nakwambia haya ili ujue kwamba karatasi isiyosema chochote kuhusu blanki, marudio ya sampuli na sampuli zenye kipimo kinachojulikana inakuomba uniamini mimi wa siku ile.

Kuna na mtego mwingine, huu hata mtu mwaminifu anautumbukia. Dhahabu haikai sawasawa. Mfuko mmoja, gramu 50 za kwanza zinaleta 0.8, gramu 50 za pili zinaleta 14, kwa sababu kipande kimoja kimeangukia upande huu. Tuseme una sampuli kumi: tisa zina gramu 1, moja ina 91. Wastani ni 10. Utatajirika! Lakini mjiolojia mzoefu anaikata ile 91, anasema kwa mwamba huu sitaamini chochote kinachozidi 15, na wastani unakuwa 2.4. Ukurasa wa pili wa karatasi yako una sampuli moja ya gramu 64, wameipigia mstari mwekundu. Huenda sehemu kubwa ya zile wakia imetoka kwenye mfuko ule mmoja.

Shaba ni mpole zaidi, imetapakaa mwambani kama chumvi kwenye mboga, kwa hiyo inakadiriwa peke yake, haichanganywi na dhahabu. Hao wako wameandika asilimia 0.4, yaani kilo 4 kwa tani, kisha wameigeuza kuwa dhahabu na kuijumlisha kana kwamba yote itauzwa. Wachimbaji wa sianidi wangewaambia. Shaba ya mwamba uliooza, ile ya kijani, inakunywa sianidi kabla dhahabu haijapata. Gharama inapanda na dhahabu inabaki kwenye marudio, yaani mchanga uliokwisha kuchenjuliwa. Shaba ya chini, iliyoshikana na salfa, inavunwa kwa mapovu na kuwa makinikia, yaani mchanga uliokusanya madini, na kiwanda cha kuyeyusha kina makato yake. Buzwagi kule Kahama, mgodi wa wazi, walitoa dhahabu na shaba kwa miaka, lakini walikuwa na mtambo wa kazi hiyo. Wako wana karasha mbili na picha ya ekskaveta ya kukodi.

Sasa swali lako la pili. Msimu juzi pale Hombolo niliacha mistari mitatu ya zabibu ikaozea mtini. Zilikuwepo, ningeweza kukuhesabia vishada. Lakini bei ya mnunuzi ilikuwa haifiki gharama ya wachumaji, kreti na gari. Zabibu zote zilizo mtini ndizo rasilimali. Zile zitakazolipa baada ya kila mtu kuchukua chake ndizo akiba. Akiba siku zote inatokana na rasilimali, na njiani kuna vitu vinapungua.

Kinachopunguza kwenye mgodi wa wazi, kwanza, ni shimo lenyewe. Huwezi kuchimba wima kama kisima, kuta zitakuangukia. Lazima zilale, na kadiri unavyoshuka ndivyo unavyopanua juu na kubeba kifusi kisicho na kitu. Ikifika unabeba tani nane za kifusi kupata tani moja ya mbale, yaani jiwe lenye madini yanayolipa, mbale iliyo chini zaidi unaiacha na dhahabu yake. Halafu koleo la ekskaveta halina macho: linachanganya mbale na jiwe tupu, na mbale nyingine inakwenda kwenye lundo la kifusi. Kisha mtambo haukamati yote. Kisha mrabaha asilimia 6 na ada ya ukaguzi asilimia 1, kama sheria ilivyoweka 2017.

Na bei. Tuseme jiwe limeshapakiwa kwenye lori, na kulisaga na kulichenjua tani moja ni dola 30. Gramu inauzwa dola 80, mtambo unakamata asilimia 85, serikali inachukua 7. Jiwe lenye chini ya kama gramu 0.5 halijilipi, linamwagwa kwenye kifusi. Bei ikishuka hadi dola 50, kikomo kinapanda hadi karibu 0.8. Jiwe la gramu 0.6 lililokuwa mbale jana leo ni kifusi, na halijasogea hata hatua moja.

Sheria nayo ni hivyo hivyo. Machi 2017 serikali ilipozuia makinikia yasisafirishwe nje, mwamba wa Bulyanhulu haukubadilika hata chembe, ila mwaka huohuo mgodi ukapunguza shughuli.

Ndiyo maana kanuni za kutangaza makadirio ya madini zinazofuatwa duniani, kama zile za JORC za Australia zilizotoka kwanza 1989, zinadai mtu mwenye jina lake, mwenye uzoefu usiopungua miaka mitano kwenye aina hiyo ya mwamba, aweke saini. Zinaigawa rasilimali kwa uhakika wake: iliyokisiwa, iliyodokezwa, iliyopimwa. Iliyokisiwa hairuhusiwi kabisa kuitwa akiba. Mashimo 6 kwa tani milioni 4, mimi ningeona haya hata kuiita iliyokisiwa. Tarakimu ikitoka rasilimali ikafika akiba bila kupungua hata wakia moja, ujue katikati hapakufanyika kazi yoyote. Mtu alinakili tu.

Sisemi Singida hakuna dhahabu. Ipo. Sekenke kule Iramba Wajerumani waliichimba, na 1916 wakiwa wamebanwa na vita waligonga sarafu zao zenye tembo pale Tabora kwa dhahabu hiyohiyo. Huenda hata hao wenzako wamekalia kitu.

Waulize swali moja tu kabla hujatoa hela: nusu ya mawe iko wapi? Wachorongaji wanaotumia kekee yenye meno ya almasi wanatoa jiwe refu la duara kama mchi, linapasuliwa kwa urefu, nusu inakwenda maabara, nusu inabaki sandukuni na namba zake. Wa mashine ya upepo wanabakiza sehemu ya kila mfuko. Kule Borneo kampuni ya Bre-X ilisaga mawe karibu yote, haikubakiza nusu. Watu walinunua hisa kwa wazimu hadi 1997 ilipogundulika kwamba sampuli zilinyunyiziwa dhahabu, na chembe zake zilikuwa za mviringo kama zilizokokotwa na mto.

Wakikuonyesha masanduku, nijulishe. Nitapanda basi la asubuhi kwenda Singida, nichague mifuko kumi mwenyewe, niirudishe Dodoma ipimwe upya, na nauli ya kwenda na kurudi utalipa wewe. Wakianza kukwambia mifuko ililoa mvua, milioni tatu zako ziache hapohapo benki.

Baba yako anasalimia. Anataka miwani yake.

Mama yako