Mtoto wa nasari hawezi kudai, mdaie wewe

Ukitaka kumtetea mtoto mdogo, anza na jambo moja unaloweza kulionyesha kwa kidole. Ukiingia ofisini na "elimu ya watoto wetu imezorota", utaitikiwa kwa adabu na utatoka mikono mitupu.

Langu lilikuwa choo. Chupa ya maji ya mwanangu ilikuwa ikirudi nyumbani imejaa, na joto la Lamu mwalijua. Nilipomuuliza kwa upole akaniambia hanywi ili asiende haja shuleni. Nikaenda kukiona choo chenyewe. Tundu lilikuwa la kipimo cha mtu mzima. Mtoto wa miaka minne akitanua miguu juu yake aogopa kutumbukia, na ana haki kuogopa.

Wazazi wengi hapo hukimbilia kwa mbunge. Huko siko. Katiba ya Kenya ya 2010, Jedwali la Nne, imeyaweka masomo ya chekechea na vituo vya kulelea watoto mikononi mwa kaunti, hata kama darasa la nasari limo ndani ya ua wa shule ya msingi. Mtu wako ni mwakilishi wa wodi na afisa wa chekechea wa kaunti.

Wakati nao ni muhimu. Makadirio ya bajeti hufikishwa bunge la kaunti kabla ya 30 Aprili, na mwaka wa fedha huanza 1 Julai. Ukilalamika Agosti, pesa zishagawanywa. Sisi tulikutana mapema, baada ya sala ya Alasiri ili akina baba nao wawepo, tukaandika barua ya ukurasa mmoja yenye picha na sahihi zetu. Mwalimu hatukumtanguliza: mwajiri wake ni kaunti hiyohiyo, na hatukutaka adhurike kwa ajili yetu. Barua ilisomwa na mama mmoja kwenye kikao cha maoni ya wananchi. Nakala yenu igongwe mhuri wa kupokelewa, la sivyo mwakani mtaambiwa hakuna aliyeomba.

Na bajeti haimsaidii mtoto anayebana mkojo leo. Tulichanga, seremala akatutengenezea ubao wa tundu dogo na kuukaza imara juu ya lile kubwa. Ndani ya barua tukaandika wazi kwamba ubao ni wa muda na umelipiwa na wazazi, usije ukahesabiwa kuwa ndio choo.